Sura ya Saba: Ukungu Wenye Madirisha

Godoro lilikuwa limeshapanda kwenye trela, na juu ya godoro wamelazwa kuku watatu waliofungwa miguu, Inspekta Kipkosgei alipoegesha Land Rover mbele ya nyumba namba kumi na tisa, kambi ya wafanyakazi ya shamba la chai la Lelgoi. Mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa kimemlegea, alikuwa akihangaika kupandisha jiwe la kusagia wimbi. Hakuna jirani aliyempa mkono. Walisimama milangoni mwao wamekunja mikono, Wakipsigis kwa Wakisii, wakitazama vile watu hutazama mvua ya mawe ikipiga shamba la mwenzao.

Inspekta akashika upande mmoja wa jiwe. Likapanda.

"Asante," mwanamke alisema bila kumtazama. "Kama umetumwa funguo, iko mlangoni."

"Sikutumwa funguo. Wewe ni Mama Elmina, bibi ya Gekara?"

"Ni mimi. Nyamusi."

"Natoka CID Bomet. Naitwa Kipkosgei."

Hapo akamtazama, kuanzia viatu mpaka kofia. "Kipkosgei," alisema. "Haya. Mkipsigis mmoja ameona, mmoja amefunga, sasa wa tatu amekuja kugonga muhuri."

"Muhuri nimeacha Bomet, mama. Nimekuja na maswali tu."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatano, tarehe kumi na nne Februari mwaka wa tisini na sita, ukungu ulipoinuka kwenye bonde la Chebirir, watu walimkuta Kiptanui, mlinzi wa kituo cha kupimia majani, amelala chini ya daraja, kichwa kimepasuliwa. Kufika saa sita mchana, Gekara, dereva wa trekta, alikuwa ndani ya seli. Alhamisi meneja akaandika barua: familia itoke kwenye nyumba ya kampuni kabla ya Ijumaa jioni. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Gekara angepelekwa kortini Kericho kwa kesi ya kuua, na kesi ya kuua haina faini. Ina kamba.

"Umesoma yale maneno walimwandikia?" Nyamusi aliuliza.

Alikuwa ameyasoma, na faili ilikuwa kwapani. Stetimenti ya Gekara ilikuwa fupi kuliko kidole. *Ukungu ulikuwa mzito sana, sikuona hata mikono yangu. Nilitazama juu nikaona nyota. Mtu sikumwona.* Chini ya neno nyota, OCS, mkuu wa kituo cha polisi, alikuwa amepiga mstari wa wino mwekundu mara mbili, na pembeni akaandika: MWONGO.

"Na hii spana?" Inspekta aliuliza. "Alikamatwa nayo, ina doa jekundu. Dereva wa trekta anafanya nini darajani kwa miguu, giza halijaisha, na spana mkononi?"

Nyamusi akacheka, kicheko kikavu. "Wewe hujawahi kuvuta trela kwa ukungu, si ndio? Lile daraja ni la gari moja. Trela ikishuka ile mteremko haiwezi kurudi nyuma. Kwa hivyo dereva anaacha trekta huku juu, anashuka kwa miguu, anagonga chuma ya daraja mara tatu, anasikiliza. Kama kuna lori ng'ambo, dereva wake anapiga honi. Kama ni kimya, anaenda katikati, anagonga tena. Ndio anarudi kuchukua trekta. Madereva wote wa Lelgoi wanafanya hivyo tangu lori ianguke pale themanini na nane."

"Alimwambia OCS hivyo?"

"Alimwambia. OCS akasema, 'Vizuri, kwa hivyo unakubali ulikuwa na spana.'"

Mwenye trekta akapiga resi, ana haraka ya kufika Keroka kabla ya giza. Nyamusi akapanda, akakaa juu ya jiwe lake.

"Ungengoja mpaka kesho," Inspekta alisema.

"Wewe ungengoja? Mwaka wa tisini na mbili, vita vya makabila, tulingoja, tukaamkia majivu." Akamkamata kuku mmoja mguu asianguke. "Kama kuna kitu ya kufanya, fanya. Usinipe maneno nibebe, mzigo yangu imetosha."

Trela likaondoka. Majirani wakaingia ndani, mmoja mmoja.

* * *

Daraja la Chebirir lina vyuma viwili vya kushikilia, kimoja kila upande, vilivyopakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Inspekta alitoa spana kwenye bahasha ya karatasi, akaiweka karibu na chuma. Doa na rangi vilikuwa kitu kimoja. Akachuchumaa. Kwenye mwanzo wa chuma cha kushoto palikuwa na mabonyeo mengi kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, mengine ya zamani yameshika kutu, mengine yanang'aa. Katikati ya daraja, mabonyeo mengine. Akahesabu yaliyong'aa, akakwaruza rangi kidogo kwa kisu na kuitia kwenye bahasha ya pili, akaandika saa na tarehe.

"Afande, unaiba daraja?"

Alikuwa mama wa makamo, ndoo ya maziwa kichwani, anatoka upande wa Kapkatet.

"Naazima kidogo tu. Chamgei."

"Chamgei mising," aliitikia salamu. Akashusha ndoo. Jina lake lilikuwa Janeffer, na kila alfajiri na tena mchana alipeleka maziwa kwenye kituo cha maziwa, Jumapili peke yake akipumzika. Jumatano alikuwa amefika ng'ambo ile pale, kwenye mti wa mwisho, king'ora cha kiwanda kilipolia saa kumi na mbili.

"Uliona nini?"

"Afande, ningeona na nini? Ndoo yenyewe nilikuwa nimeishika na siioni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko, ko, ko tena, karibu kidogo. Nikasema huyo ni dereva, wacha nisimame apitishe trela. Nikasimama hapo mpaka miguu ikaganda."

"Uliwaambia polisi?"

"Waliniuliza kama niliona mtu. Nikasema hapana. Wakasema niende."

"Na juu, angani? Ulitazama?"

"Juu kulikuwa safi." Akanyanyua ndoo. "Nyota kadhaa. Kwani nyota zinaumiza nani?"

Inspekta aliandika yote, akamsomea, akamwekea wino wa kidole gumba. Sasa watu wawili wasiojuana walikuwa wameona nyota na hawakuona mikono yao. Mmoja ana sababu ya kudanganya. Mwingine ana ndoo ya maziwa.

* * *

Juu ya kilima, nyuma ya nyumba ya meneja, kuna kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya. Ndani yake mna sanduku jeupe lenye miguu minne na mbavu za mbao, mkebe wa kupima mvua, na mlingoti wenye vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Anayesoma vyombo hivyo ni Tecla, na alikuwa amevisoma kila asubuhi kwa miaka kumi na minne. Inspekta alimkuta akimfukuza mbuzi.

"Mwaka jana huyu mbuzi alikunywa mvua yangu," Tecla alisema. "Milimita sita. Niliandika sifuri, kumbe iko tumboni. Karibu, Inspekta. Nilisikia umefika. Kwa meneja ama kwangu?"

"Kwako. Nataka kujua Jumatano kulikuwa na hali gani ya hewa."

"Wacha!" Akafuta mikono kwa leso. "Mtu wa polisi anataka kitabu yangu? OCS anaishi hapo chini miaka mitatu, hajawahi kuuliza hata kama mvua itanyesha. Kwani nani anauliza kitu mwanamke wa mkebe?"

Kitabu kilikuwa kikubwa, jalada la kijani, mwandiko mdogo ulionyooka. Jumatano: mawingu hakuna tangu magharibi. Upepo hakuna tangu saa nne usiku. Baridi ya nyasini digrii tatu. Bondeni ukungu mzito, kileleni wazi. Ukungu uliondoka saa mbili na dakika ishirini.

"Kileleni wazi, bondeni mzito," Inspekta alisema. "Usiku mmoja?"

"Usiku mmoja. Hapa nilikuwa naona taa za Sotik. Chini kulikuwa kama mtu amemwaga maziwa." Akakaa kwenye kigoda, akamsogezea kingine. "Tazama. Usiku wa mawingu ni usiku wa blanketi. Ardhi inalala imejifunika, joto yake haiendi mahali. Jumanne usiku blanketi haikuwepo. Joto ikapanda juu ikaenda zake. Nyasi ikapoa, hewa yenye imegusa nyasi ikapoa. Na hewa ya baridi ni nzito. Inateremka kama maji, inafuata mitaro ya chai mpaka Chebirir, inajaa huko kama uji kwa bakuli. Sasa, hewa ikipoa hivyo haiwezi kubeba maji yote ilikuwa imebeba. Inayaachilia, vitone vidogo vidogo. Huo ndio ukungu wa bondeni. Unapenda anga safi na unachukia upepo. Ukiona nyota nyingi na hakuna kitu inatikisika, ujue asubuhi madereva watagonga daraja."

"Kwa hivyo mtu anaweza kuwa ndani yake, asione mikono, na aone nyota?"

"Si hiyo ndiyo tabia yake! Siku nyingine unene wake kwenda juu ni kama watu wawili wamebebana. Lakini kwenda mbele ni bonde nzima." Akaonyesha pazia la neti dirishani kwake. "Pazia moja unaona mpaka nje. Tundika mapazia mia moja mbele yako. Utaona nini? Juu ulikuwa unatazama pazia moja. Mbele, mia."

Inspekta akaandika mapazia. Kisha akafungua faili, stetimenti ya pili, ya shahidi. Kipkurui, nyapara wa wachuma chai, mtu aliyeheshimika, mzee wa kanisa. Akamsomea Tecla kipande bila kumtajia jina.

"*Nilikuwa nimesimama mwisho wa daraja. Ukungu ulikuwa ukiinuka kutoka majini kama moshi, nguzo nguzo. Ulikuwa unafunguka na kufunga. Ulipofunguka nikamwona Gekara ameinama, ana spana. Ukafunga. Ulipofunguka tena, hayupo.*"

Tecla alisikiliza ameinamisha kichwa. "Soma tena hiyo ya nguzo."

Akasoma.

"Huo si ukungu wa Chebirir. Huo ni wa maji ya moto. Ukitoa sufuria ya chai nje alfajiri, unaona nini? Hewa ya baridi inalala juu ya maji yenye joto. Maji inatoa mvuke, mvuke inashikwa na baridi, inakuwa moshi. Lakini maji haiachi kuipasha ile hewa kutoka chini, kwa hivyo haitulii, inapanda. Inasimama nguzo. Inafunguka, inafunga. Ina madirisha. Ule wa bondeni hauna dirisha. Umelala tu."

"Mto hauwezi kutoa mvuke? Maji ya mto si ya barafu."

"Unaweza, kidogo. Lakini ukiwa ndani ya ukungu wa bonde, utauonea wapi? Mwaga maziwa ndani ya maziwa, uniambie umeona ikimwagika."

Inspekta akageuza ukurasa. "Huenda ulikuwa wa namna nyingine. Kuna mwingine?"

"Kuna ule wa Agosti, unatoka upande wa ziwa na upepo. Upepo unasukuma hewa ipande milima, inapanda ikipoa, mwishoni ni wingu linatembea barabarani. Huo unalowesha, miti inadondoka maji. Lakini Jumatano vikombe vyangu havikuzunguka hata mara moja, tena huo ungefunika kilele kwanza. Na kuna wa baada ya mvua ya mawe. Barafu iko chini, hewa juu bado ina joto, ukungu unatambaa magotini. Siku moja mbwa wa meneja alipita hapo nikaona masikio tu, yanatembea yenyewe." Akafunga kitabu. "Mvua ya mawe ilikuwa Januari. Huyo mtu wako aliona maji ya moto."

"Na maji ya moto hapa Lelgoi yako wapi?"

"Pahali pamoja tu. Bwawa la kiwanda, yale ya boila yanamwagwa huko. Kutoka darajani ni kilomita tatu."

* * *

Mtu anaweza kufikiri hapo Inspekta alikimbia bwawani. Hakukimbia. Maneno ya mkebe wa mvua hayafungui seli, na mzee wa kanisa akiapa, mahakimu husikiliza. Alikwenda kwanza kwa Kipkurui.

Nyapara alikuwa na ofisi ya mabati kando ya mizani: meza, kalenda, birika. Mtu mnene wa miaka hamsini, sauti ya kuongoza nyimbo, anayekohoa kila baada ya maneno machache. Akainuka, akatoa mikono yote miwili.

"Chamgei, Inspekta! Nilifurahi kusikia wamemtuma mtu wetu."

"Nimetumwa na gari la serikali," Kipkosgei alisema, akakaa. "Ni mambo madogo tu, boiyot, mzee wangu. Mimi naandika polepole, kwa hivyo utanirudishia toka mwanzo. Ulisimama wapi?"

"Mwisho wa daraja, upande wa kituo."

"Saa?"

"King'ora kilikuwa kinalia. Saa kumi na mbili."

"Ulisikia nini?"

"King'ora."

"Kingine?"

"Hakuna. Kimya kabisa. Huyo Mkisii alikuwa ananyemelea kama paka."

Inspekta akaandika *kimya kabisa*. "Na ukungu. Kule kwetu Bomet chini hatuna mwingi, nisaidie. Ulikuwaje?"

"Kama nilivyosema. Unatoka majini kama moshi wa jiko. Unafunga, unafungua."

"Na usoni? Ukikugusa?"

"Usoni?" Kipkurui akakohoa, akatabasamu. Swali lilionekana la kipumbavu, na mtu akiulizwa swali la kipumbavu hujibu kwa ukarimu. "Usoni haukuwa baridi. Vuguvugu hivi. Kama pumzi ya ng'ombe ukimkamua."

"Lakini asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Nyasi ilikuwa karibu kuganda."

"Mgongoni, ndiyo. Mgongo ulikuwa unakatika. Usoni hapana."

"Mgongoni baridi, usoni vuguvugu," Inspekta alirudia, kalamu ikitembea. "Soma, boiyot. Kama ni sawa, weka sahihi."

Kipkurui akasoma kwa miwani, akaweka sahihi yenye mkia mrefu. "Jumatatu mnampeleka?"

"Jumatatu mtu atapelekwa," Inspekta alisema. "Kongoi kwa chai." Chai alikuwa hajainywa.

* * *

Ilikuwa saa kumi jioni alipofika bwawani na makonstebo wawili, na reki mbili ndefu za kuvutia magugu walizoazima kiwandani. Bwawa ni la ukubwa wa uwanja wa shule. Upande wa bomba kuna mawe bapa ambapo wanawake wa kambi hufulia, kwa sababu maji ya pale yanayeyusha sabuni bila kuni. Mawe yalikuwa matupu. Wanawake watano walikuwa wamehamia ukingo wa mbali, wamejibanza kwenye matope.

"Mbona mmeacha mawe yenu?" Inspekta aliuliza.

Mmoja akainua shati lililokuwa jeupe zamani. Lilikuwa na rangi ya hudhurungi iliyopauka. "Ona shati ya kanisa ya bwanangu! Tangu jana, ukifulia pale kitu inatoka hivi. Maji imekuwa chai."

"Chai?"

"Chai, afande. Ya rangi. Imekosa sukari tu."

Wenzake wakacheka. Inspekta hakucheka. Alikwenda kwenye mawe, akainama. Maji yalikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na rangi ilizidi kukolea kuelekea nyuma ya nyumba ya pampu. Akachota kwa kiganja, akanusa. Akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Tupeni reki hapo," alisema. "Kwenye giza ya rangi."

Reki ilishika kitu mara ya tatu. Wakavuta. Lilikuwa gunia la chai iliyosagwa, ile ya daraja la kwanza, limeumuka kama maandazi na kufungwa jiwe. Likapasuka lilipogusa ukingo, majani meusi yakamwagika. Gunia la pili lilikuwa jepesi. Ndani yake, juu ya chai, palikuwa na rungu lililopasuka kichwa na tochi ya betri nne. Mtu alikuwa amekwaruza jina kwa msumari kwenye bati la tochi: KIPTANUI.

Mtu wa nchi nyingine angetupa chai ndani ya maji ya moto bila kujua. Lakini Kipkurui alikuwa amekunywa chai kila siku ya maisha yake, akaitosa kwenye sufuria kubwa kuliko zote za Lelgoi, akidhani haitaiva.

Walimleta bado kuna mwanga. Alitazama magunia, akatazama wanawake, akakohoa.

"Gunia si langu."

"Sijauliza ni la nani," Inspekta alisema. "Nimeuliza ulisimama wapi, ukaniambia na ukaweka sahihi. Mgongoni baridi, usoni vuguvugu, moshi nguzo nguzo, na king'ora. Bondeni hakukuwa na kitu cha vuguvugu Jumatano. Geuka. Tazama bwawa."

Kipkurui hakugeuka.

"Na ulisema kimya kabisa. Gekara aligonga daraja mara sita, mama wa maziwa akamsikia ng'ambo. Wewe uliyesimama hatua kumi hukusikia. Ulijua lile bonde halina mahali pa kuonea, kwa sababu ulikuwamo alfajiri. Ulihitaji ukungu wenye dirisha. Ukauchukua hapa, ulipokuwa ukitosa magunia king'ora kikilia."

Mmoja wa wanawake akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, mzee wa kanisa." Kipkurui akakaa kwenye jiwe la kufulia, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari.

"Nilikuwa na baiskeli," alisema. "Magunia mawili, nimepitisha kwa tundu la waya wa kiwanda. Saa kumi hivi. Ukungu ulikuwa mwingi, nikajua Kiptanui atalala, na hata asipolala hataniona."

"Hakukuona?"

"Hakuniona. Nilikohoa." Akaangalia mikono yake. "Akaniita kwa jina. Akasema, 'Kipkurui, hicho kikohozi utakitibu lini?' Akacheka. Alikuwa ananisalimia tu. Akawasha tochi ili anione."

"Ikamulika magunia."

"Ikamulika. Akaacha kucheka."

Konstebo mmoja akatoa pingu. Inspekta akaandika saa: kumi na mbili kasoro dakika kumi.

* * *

Kesi ilisikilizwa Kericho na kumalizika mwaka uliofuata. Kipkurui alihukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani mwaka wa tisini na tisa, kwa kifua.

OCS alihamishwa. Baada ya miaka miwili alipandishwa cheo.

Tecla aliitwa kortini na kitabu chake cha kijani. Wakili wa mshtakiwa alimwuliza alisoma mpaka darasa gani. Alisema la saba, kisha akaeleza habari ya mapazia, na jaji akamwomba arudie polepole aandike. Aliendelea kusoma vyombo mpaka kampuni ilipoleta mashine inayojisomea yenyewe.

Caren, mjane wa Kiptanui, alitambua tochi mbele ya jaji. Kampuni ilimpa kazi ya kuchuma. Anachuma mpaka leo.

Janeffer alihamishia maziwa yake kituo kingine. Hakutoa sababu, na hakuna aliyemwuliza.

Meneja aliandika barua ya pili kusema nyumba namba kumi na tisa iko wazi kwa Gekara na familia yake. Nyamusi hakuijibu.

Gekara alitolewa seli Jumatatu, siku ambayo angepelekwa kortini. Alisaini kupokea mshipi, viatu na leseni. Spana ilibaki kuwa ushahidi. Hakurudi Lelgoi. Alipata kazi ya kuendesha lori la mawe upande wa Keroka, na watu wa huko, ambao hawakusoma hukumu, walimwita Yule wa Kesi.

Kipkosgei alikutana naye mara moja tu, sokoni Sotik, mwaka wa tisini na nane. Wakasalimiana kwa mkono. Gekara akamwuliza habari ya watoto, Inspekta akasema wazima. Inspekta naye akauliza habari ya Mama Elmina. Gekara akasema alikuwa pale pale, upande wa vitunguu, lakini Inspekta alipotazama huko, Nyamusi alikuwa amewapa mgongo, na hakugeuka.

"Anajua ni wewe," Gekara alisema. "Anashukuru. Ni vile hataki kuona polisi."

Inspekta akasema ni sawa. Akanunua alichokuwa amekuja kununua, akarudi Bomet.